Mila za Wachora Ramani wa Wikipedia

Nimechoka kusikia kwamba ramani za Wikipedia ni za kuokoteza. Wanaosema hivyo ni watu wa heshima zao, walimu wa jiografia na waandishi wa magazeti, hata wahadhiri ambao jioni hiyohiyo huzibandika kwenye somo la kesho bila kumtaja aliyezichora. Picha waliyo nayo kichwani ni ya kijana asiye na kazi aliyenakili ramani ya Google, akaipaka rangi na kuipakia mtandaoni. Wengine hutuonea huruma sisi wachoraji, wakauliza tunalipwa nini. Hatulipwi. Lakini tuna mila zetu, kali kuliko za ofisi nyingi nilizozipitia, na ile ninayoipenda kuliko zote imeanza kufifia. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Wikipedia ilipoanza, tarehe 15 Januari 2001, haikuwa na ramani zake. Za mwanzo nyingi zilitoka Marekani, kwa kuwa kazi za watumishi wa serikali kuu ya nchi hiyo hazifungwi na hakimiliki huko kwao. Watu walichukua ramani za shirika la ujasusi la CIA, na nyingine wakazitoa katika mkusanyo mkubwa wa ramani zilizoskaniwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Texas kule Austin. Zilifaa kwa wakati wake. Ila maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza na yameshikamana na mchoro, na ukizikuza zinageuka ukungu. Baadaye Wikipedia za Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza zikawa na karakana zao za ramani, kila moja na wenyewe wake. Kazi zinazotoka humo huwekwa katika ghala moja, Wikimedia Commons, lililofunguliwa Septemba 2004, na Wikipedia ya lugha yoyote, ya Kiswahili ikiwemo, inaruhusiwa kuchota humo.

Mila ninayoizungumzia ni ya ombi. Mtu anayeandika makala na hana ramani huja karakanani kubisha hodi. Adabu inamtaka aseme makala ni ipi, ramani ioneshe nini na ya mwaka gani, na aje na vyanzo mkononi. Mchoraji mmoja hujibu kwamba kazi ameichukua, na kuanzia hapo wenzake humwachia nafasi. Kumrukia mtu katika kazi aliyokwisha kuichukua ni utovu wa adabu. Anapopakia rasimu, ndipo wanapojitokeza wote waliokuwa kimya.

Nakumbuka ombi la ramani ya Reli ya Kati kama ilivyokuwa mwaka 1914. Reli hiyo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka huo wa 1914. Rasimu ilipendeza kwa macho. Wa kwanza kuijibu akataka tawi la Tabora hadi Mwanza lifutwe, maana lilikamilika mwaka 1928, nchi ikiwa tayari mikononi mwa Waingereza. Wa pili akakumbusha kwamba mwaka 1914 Rwanda na Burundi zilikuwa ndani ya Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, kwa hiyo mpaka wa magharibi uliochorwa ulikuwa wa leo. Wa tatu akaleta jambo ambalo sidhani kama wengi wa wanaotudharau wanalijua: kusini ya mdomo wa mto Ruvuma palikuwa na pembetatu ndogo ya Kionga, iliyoshikwa na Wajerumani hadi Wareno walipoitwaa mwaka 1916, na leo iko Msumbiji. Katika ramani ya ukubwa ule, Kionga haizidi punje ya mtama. Mchoraji akarudi kazini, akaichora.

Hakuna aliyenuna. Aliyeomba alishukuru, ombi likafungwa, na mazungumzo yote yakahifadhiwa pale pale, ili atakayeuliza kesho kwa nini mpaka umepinda kusini ya Ruvuma ajisomee mwenyewe. Niambie ni mchapaji gani wa atlasi za shule anayekuwekea wazi mabishano yaliyozaa kila mstari. Kwangu mimi hii ndiyo shule. Watu wa nchi ambazo sijakanyaga, wasionijua sura wala kabila, walinikalisha chini kwa maandishi wakanifundisha kutumia QGIS kuandaa data na Inkscape kuchora, programu huria zote mbili, zisizouzwa. Walinisahihisha bila kunidhalilisha. Niliyejifunza kwao nami nimemfundisha mwingine, na sikuwahi kuona mahali pengine ambapo fundi mwenye ujuzi mkubwa humpa mgeni saa zake kwa moyo mweupe namna ile.

Nyota za pongezi tunazopeana sizihesabu kuwa jambo kubwa. Na mabishano kuhusu namna ya kuikunjua dunia ya mviringo juu ya karatasi bapa nayaruka, hayana mwisho.

Rangi zinataka maneno machache, kwa kuwa wageni hudhani kila mtu hupaka anavyojisikia. Tuna makubaliano. Katika ramani za kuonesha mahali, nchi inayozungumziwa hupewa rangi ya malai, majirani rangi nyingine, na maji samawati nyepesi ambayo msimbo wake, C6ECFF, wakongwe wanauandika bila kutazama popote. Kutenganisha mambo mawili kwa nyekundu na kijani peke yake kunakatazwa, kwa sababu wapo wasomaji ambao macho yao hayazitofautishi. Kwa makubaliano hayo mtoto aliyezoea kusoma ramani ya Tanzania anaisoma ya Bolivia bila kufundishwa upya.

Sasa nije kwenye tuhuma ya kunakili, ambayo inaniuma. Kunakili ramani ya Google ni mwiko. Kufuatisha barabara zake kwa kalamu juu yake pia ni mwiko, na faili ya namna hiyo ikigundulika inafutwa. Kila faili hubeba maelezo yake: nani amechora, lini, kwa data gani, kwa leseni gani. Milima ya Uluguru na Usambara unayoiona ikiwa na vivuli vyake ilitokana na kazi ya chombo cha anga Endeavour, ambacho mwezi Februari 2000 kilizunguka dunia siku 11 kikiipima kwa rada, na kupata miinuko ya karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote. Wamarekani waliitoa data hiyo bure. Penye magenge makali rada iliacha mapengo, na desturi inamtaka mchoraji aseme aliyajaza kwa data ipi. Mipaka na mito mara nyingi huchukuliwa kwa Natural Earth, mkusanyo uliotolewa na wachora ramani wenyewe bila masharti yoyote. Anayetaka kuhakiki anafuata nyayo hizo mpaka mwanzo. Kwa upande wa wenye biashara, ni jambo linalojulikana kwamba wapo waliokuwa wakitia makusudi mahali pa uongo katika ramani zao ili wawanase wanaonakili. Kijiji cha Agloe katika jimbo la New York kilizaliwa hivyo miaka ya 1930. Kwetu hakuna mstari unaofichwa asili yake.

Tuhuma nyingine hutoka nyumbani. Kila ramani ya Ziwa Nyasa ikionekana, huzuka watu wakisema tumewagawia Wamalawi maji yetu. Ukweli ni kwamba mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890 uliuweka mpaka kwenye ufukwe wa mashariki wa ziwa, na Malawi inausimamia. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Desturi yetu ni kuonesha madai yote mawili kwa mistari ya vipande, na ufunguo wa ramani useme lipi ni la nani. Mimi ni Mtanzania, nina msimamo wangu juu ya ziwa lile na ninautetea kwa sauti mahali pake. Lakini anayefungua ensaiklopidia amekuja kujua kwamba ugomvi upo na kila upande unadai nini, na kumficha ni kumdanganya. Ndivyo inavyofanywa kwa India, ambayo eneo inalolishika huwekwa kijani kizito na linalodaiwa tu kijani chepesi. Sahara Magharibi nayo haimezwi ndani ya Moroko kana kwamba hakuna neno. Wamoroko wanalalamika, Wahindi wanalalamika, nasi twalalamika. Malalamiko hayo hayajawahi kunishawishi kwamba tuchore upande mmoja.

Kuna mwiko mmoja ambao natamani taifa zima lingeuiga. Ukitaka kuibadilisha sana kazi ya mwenzako, huipakii juu ya ile yake. Unafungua faili mpya, unaeleza ulichobadilisha, na jina lake linabaki limeandikwa chini ya lako. Masahihisho madogo yanaruhusiwa hapo hapo, na hata hayo huacha toleo la zamani likiwa limehifadhiwa, anayetaka kulirejesha alirejeshe. Mwaka 2012 Tanzania ilipoongeza mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, kisha Songwe ikamegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ramani mpya zilichorwa na za zamani zikabaki na miaka yake. Kenya ilipoingia katika kaunti 47 mwaka 2013, ramani za majimbo ya zamani hazikutupwa. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilipotoka mikoa 11 kwenda 26 mwaka 2015, ilikuwa hivyohivyo. Ramani ya Sudan ya mwaka 2005 haikatwi vipande viwili kwa sababu Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Nani mwingine anatutunzia nchi zetu kama zilivyokuwa? Nimeona ofisi zikibandika ramani mpya ukutani na kuipeleka ya zamani jalalani.

Huzuni yangu ni kwamba karakana zinapoa. Siku hizi mwandishi wa makala hana haja ya kubisha hodi; anaweka maelekezo machache na ramani inajitokeza yenyewe, ya kukuza na kusogeza kwa kidole, ikitoka kwenye data ya OpenStreetMap. Sina ugomvi na data hiyo. Imejengwa na wajitoleaji kama sisi, na baadhi yao ni vijana wetu: mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakaingia pamoja na wakazi katika kata za Dar es Salaam zinazokumbwa na mafuriko, wakachora mifereji na vichochoro ambavyo havikuwa kwenye ramani yoyote. Kazi ile naivulia kofia. Lakini ramani inayojitokeza yenyewe inaijua leo tu. Haijui mwaka 1914. Haiwezi kukuonesha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, wala kuamua kwamba katika makala hii mito ni muhimu na barabara si muhimu. Haimwulizi mtu chanzo chake ni kipi. Maombi yanayohitaji jibu la namna hiyo sasa hukaa wiki na wiki bila mtu kuyachukua. Wakongwe wanaondoka kimyakimya, na wanaoanza hawapati pa kukaa karibu na fundi wakamtazama. Ujuzi wa kuona Kionga haumo katika programu yoyote. Ulipitishwa katika yale mazungumzo, mtu kwa mtu, na mazungumzo yakikatika hautapita.

Wapo wanaoniambia nisilie, ndiyo maendeleo. Maendeleo gani yanayomfanya msomaji wa makala ya vita ya Maji Maji apewe ramani ya vituo vya mafuta vya leo? Vita ile ya mwaka 1905 hadi 1907 ilienda kijiji kwa kijiji, kutoka vilima vya Matumbi hadi Ungoni, na anayetaka kuielewa anahitaji mchoraji aliyesoma.

Kwa sisi wa Kiswahili lipo la kufanya, na si gumu. Wikipedia ya Kiswahili ipo tangu mwaka 2003, lakini ramani nyingi katika makala zake bado zina majina ya Kiingereza, mtoto anasoma habari za bahari na milima kwa lugha yake kisha anakutana na maandishi ya kigeni juu ya maji. Ramani nyingi za Commons ni faili za SVG, ambazo ndani yake maandishi hubaki maandishi: unayabadilisha bila kugusa mstari hata mmoja. Mwalimu mwenye kompyuta moja na mchana mmoja anaweza kulikamilisha bonde la mto Rufiji lote. Aipakie kama faili mpya, amtaje mchoraji wa kwanza, ataje alikoyatoa majina. Na wewe unayetumia ramani hizi katika kitabu au gazeti, leseni haikudai senti. Mara nyingi inakutaka uandike jina la aliyechora na uiruhusu kazi iendelee kutumika kwa masharti yaleyale. Liandike. Ukiona mto umepita pasipo pake katika ramani ya wilaya yako, usiishie kucheka na wenzako kijiweni. Fungua ukurasa wa majadiliano wa faili hiyo, sema kosa liko wapi, na uweke chanzo chako.