Boriti Baina ya Mitumbwi

Mtu akishika njia kutoka Rugerero kuteremkia Gisenyi, haendi mbali kabla macho yake hayajakutana na Ziwa Kivu, lililotandaa baina ya milima ya Rwanda na ile ya Kongo. Na akibahatika kufika ufukweni alfajiri, huona jambo ambalo mkuu wa ofisi, msimamizi wa kiwanda na mwalimu mkuu wa shule wangefaa kulitazama kwa makini. Wavuvi wa samaki aitwaye sambaza wanarejea. Hawaji kila mtu na chombo chake, bali mitumbwi mitatu huja sambamba, imeunganishwa kwa boriti ndefu zilizolazwa juu yake kutoka ubavu hadi ubavu, na miti mingine imechomoza mbele na nyuma mithili ya pembe za mdudu mkubwa.

Uvuvi huu si wa tangu jadi. Sambaza mwenyewe ni mgeni, kwani aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na akastawi katika maji ambayo hayakuwa na samaki wa namna yake. Jua likitua, wavuvi huondoka huku mmoja akitoa wimbo na wenzake wakiitikia, na kila kitikio ndicho kipimo cha pigo la kafi. Wakifika kilindini huwasha taa, zamani karabai na siku hizi aghalabu za betri. Mwanga huvuta vidudu vya majini, vidudu huvuta sambaza, na wavu uliokwisha kushushwa hungoja chini. Halafu huja saa ya kuuinua. Hapo ndipo nguvu ya mtu mmoja inapokuwa si kitu, maana upande mmoja ukitangulia kupanda, samaki humwagika kwa upande uliobaki chini, na jasho la waliofanya haraka hupotea pamoja na la waliochelewa.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni zile boriti. Nilidhani kazi yake ni kuifunga mitumbwi isiachane. Nikazingatia, nikaona kuwa huizuia pia isigongane. Kamba peke yake ingeweza kuifunga, ila wimbi la kwanza lingeipondanisha ubavu kwa ubavu mpaka ipasuke. Nadhani hapa ndipo tunapokosea wengi katika kujenga mafahamiano kazini. Tumezoea kusema kuwa wafanyakazi wawe kitu kimoja, tukasahau kuwa kila mmoja anahitaji nafasi yake: kazi inayojulikana kuwa ni yake, heshima ya kutoingiliwa katika mambo ya nyumbani kwake, na haki ya kukaripiwa faraghani badala ya kufedheheshwa mbele ya kadamnasi. Pasipo nafasi hiyo, ukaribu huzaa husuda na masengenyo. Na pasipo kiungo, kila mtu huelea kivyake.

Ajabu ni kuwa neno umuganda, ambalo kwalo Wanyarwanda huiita kazi ya pamoja inayofanywa Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asili yake ni mti wa kujengea nyumba. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tano, majirani hulima barabara, huzibua mifereji na kupanda miti. Kisha hukaa kitako na kuzungumza habari za mtaa wao. Mimi nayathamini mazungumzo hayo kuliko mifereji, maana watu waliokwisha kuchafuka udongo mmoja huambiana kweli kwa wepesi kuliko waliokutana mezani tu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika na kuvamia nyumba za Rugerero na sehemu za jirani, katika maafa yaliyoua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda, wa kwanza kumwamsha mtu aliyelala hakuwa serikali; alikuwa jirani.

Kuambiana kweli si jambo dogo. Mtaalamu wa Marekani, Amy Edmondson, alipochunguza vikundi vya wauguzi katika miaka ya 1990, alitaraji kuona kuwa vikundi vyenye masikilizano vitakuwa na makosa machache ya kutoa dawa. Akastaajabu kukuta kuwa ndivyo vilivyoandika makosa mengi zaidi. Alipoendelea kudadisi akatambua kuwa hawakukosea kupita wenzao, ila wao walithubutu kuyataja, ilhali wengine waliyaficha kwa hofu ya mkubwa wao. Sikuhitaji kwenda Marekani kulisadiki hilo. Nilipata kufanya kazi katika ofisi moja ambamo hesabu ilikosewa mwezi wa kwanza, makarani watatu wakaijua, nami nikiwa mmoja wao. Lakini kwa kuwa bwana mkubwa alikuwa hodari wa kukemea, tulinyamaza mpaka mwezi wa saba, wakati hasara ilipokuwa haizibiki. Mvuvi akiona tundu kwenye wavu jioni, akanyamaza kwa kuogopa kuambiwa yeye ndiye aliyelitoboa, chombo kizima kitarudi kitupu asubuhi. Sisi tulirudi mikono mitupu, na aibu yake ningali nayo.

Hali kadhalika insafu katika mgawo. Kila mwaka uvuvi wa sambaza hufungwa kwa muda wa miezi miwili hivi ili samaki wazaliane, na katika miezi hiyo ya ukata ndipo hujulikana nani alimtendea mwenzake haki wakati wa neema. Mfanyakazi huvumilia ujira mdogo ikiwa anajua umepimwaje na mwenzake amepata kiasi gani. Asiloweza kulivumilia ni siri, na upendeleo unaovikwa joho la busara.

Basi, wewe uliye mkubwa wa kazi, iwe ya ofisi, ya duka au ya shamba la chai, kesho asubuhi baada ya kuamkiana, mwite aliye mdogo kuliko wote katika daftari lako la mishahara, umuulize ameona tundu wapi. Kisha nyamaza, umwache amalize.