Masega ya Gari Yakiharibika, Anayeumia ni Abiria

Mwezi huu tunazungumzia kifaa kilichofungwa chini ya gari, kwenye bomba la moshi. Mafundi hukiita masega, kwa sababu ndani yake kuna kigae chenye matundu mengi madogo kama sega la nyuki. Je, habari za gari zinahusu nini ukurasa wa afya? Zinahusu sana. Watu wa Mbaha na vijiji vingine vya ziwani hukodi gari kupeleka wagonjwa Mbinga, na wakati wa baridi ya Umatengo madirisha hufungwa. Bomba likiwa bovu, moshi huingia ndani na kukaa humo.

MASEGA HUFANYA KAZI GANI?

Moshi wa petroli una gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Ikiingia mwilini hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Hapo mtu anapumua, lakini mwili wake unakosa hewa. Kigae cha masega kimepakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu, na kikishapata joto kali huigeuza sehemu kubwa ya gesi hiyo isiwe na sumu hiyo tena. Injini ikiwa bado baridi, masega hayafanyi kazi. Kwa hiyo hata gari jipya lisiwashwe ndani ya banda lililofungwa.

DALILI ZA UGONJWA

1. Gari linakosa nguvu mlimani, au linawaka na kuzimika.
2. Kuna harufu ya yai bovu, au joto lisilo la kawaida chini ya sakafu.
3. Ukigonga masega kwa mkono, injini ikiwa imepoa kabisa, unasikia vipande vikicheza ndani.
4. Taa ya injini inawaka, na mashine ya fundi inaonyesha namba P0420. Namba hiyo inasema masega hayasafishi ipasavyo, lakini haisemi kwa nini.

TAFUTA CHANZO KWANZA

Homa ni dalili, na hatuitibu bila kujua imetoka wapi. Masega nayo ni hivyo hivyo. Mara nyingi huuawa na ugonjwa ulioanzia kwenye injini. Plagi au koili mbovu huacha petroli isiyoungua iingie kwenye masega na kuwaka humo, mpaka kigae kinayeyuka. Moshi wa buluu ni dalili ya oili inayoungua, nayo huyaziba. Tundu kwenye bomba, au sensa ya oksijeni iliyochoka, huweza kuleta namba ile ile hata kama masega ni mazima.

Basi nyumbani anza na yaliyo rahisi. Fanya kazi uwanjani, injini imepoa. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka vigingi imara na zuia matairi. Kagua plagi. Tazama maungio ya bomba: palipo na masizi meusi ndipo moshi unapotoka. Gasketi ya maungio hubadilishwa, na tundu huchomelewa na fundi. Ili kujua kama masega yameziba, fundi huweza kufungua sensa iliyo mbele yake na kuwasha injini. Nguvu ikirudi, kizuizi kiko mbele ya hapo. Kigae kilichoyeyuka au kuvunjika hakiponi kwa dawa ya chupa. Hubadilishwa, baada ya chanzo kutibiwa.

Wengine hushauri kuyatoboa masega na kuondoa kigae. Gari hupata nguvu, lakini tangu siku hiyo sumu yote hutoka kama ilivyo. Vumbi la kigae nalo huumiza mapafu ya anayelivunja. Jueni pia kwamba madini yale yana thamani kubwa na masega ya zamani hununuliwa. Mwenye gari na adai kurudishiwa mali yake.

ALIYEVUTA MOSHI

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, usingizi mzito. Watu hudhani ni malaria au kulewa gari. Jiulizeni: je, wengine garini wanaumwa kichwa pia? Je, wakishuka wanapata nafuu? Kama ndivyo, shukieni moshi. Simamisheni gari, zimeni injini, mtoeni mgonjwa kwenye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali kwa chombo kingine apewe oksijeni. Mwelezeni mhudumu kwamba alikuwa ndani ya gari, kwa sababu kifaa cha kawaida cha kupimia oksijeni kidoleni huonyesha namba nzuri hata damu ikiwa imejaa sumu hii. Mama mjamzito asicheleweshwe hata kama anajisikia nafuu, kwani mtoto tumboni huumia zaidi yake.

Wenye gari za kubeba wagonjwa, kagueni bomba na sakafu kabla ya msimu wa baridi. Nanyi abiria, mkisikia moshi ndani, fungueni madirisha na mwambieni dereva asimame. Baridi ya njiani huvumilika kwa blanketi.