Ngugi wa jukwaani: Kutoka mashindano ya mabweni hadi ukumbi wa kijiji

MUULIZE kijana yeyote mtaani Ngugi wa Thiong'o alikuwa nani, atakutajia riwaya. Pengine aliisoma shuleni, au alizoea kusikia jina lake kila msimu wa Tuzo ya Nobel ulipofika. Ni wachache watakaokwambia kwamba kilichomponza zaidi ni mchezo wa kuigiza.

Ngugi, aliyefariki Marekani Mei 28, 2025 akiwa na miaka 87, alianza na michezo mifupi kama ile unayoiona kwenye tamasha za shule. Alipokuwa mwanafunzi Makerere, Uganda, mabweni yalishindana kwa maigizo. Yeye akaandika michezo miwili ya tendo moja, The Rebels na The Wound in the Heart.

Huu wa pili ulimfunza mapema kwamba jukwaa lina wenyewe. Unahusu mfungwa wa Mau Mau anayerudi nyumbani na kupata kwamba mkewe alinajisiwa na afisa mzungu. Ulipofika wakati wa kuuchezea Ukumbi wa Taifa wa Kampala, ukakataliwa. Sababu? Eti afisa Mwingereza hawezi kufanya kitendo kama hicho.

Hakukata tamaa. Novemba 1962, mchezo wake mrefu The Black Hermit ulipanda jukwaa la ukumbi uo huo, Uganda ikisherehekea uhuru.

Kijiji chageuka mwalimu

Mwaka wa 1976, Ngugi akiwa mhadhiri Nairobi, mama mmoja wa Kamiriithu, Limuru, alifika kwake asubuhi na kumwambia waziwazi: wewe umesoma, njoo usaidie kijiji. Mama huyo alirudi wiki baada ya wiki hadi profesa akakubali.

Huko alifanya kazi na Ngugi mwingine ambaye wengi wamemsahau, Ngugi wa Mirii. Wawili hao waliandika Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, kwa Kikuyu. Ni kisa cha Kiguunda, mkulima maskini anayeringia hati ya shamba lake la ekari moja na nusu, na tajiri Kioi anayelimezea mate shamba hilo. Stori ya ardhi, basi. Hadi leo bado inauma.

Rasimu haikufungiwa kabatini. Wanakijiji waliisoma na kuikosoa. Wazee walisahihisha lugha, nao wafanyakazi wa viwandani wakaeleza jinsi mshahara unavyoisha kabla ya mwezi. Mazoezi yalifanyika hadharani, kila mtu akiona. Kufikia siku ya kwanza, wengi walishakariri maneno ya karibu kila mhusika.

Na ukumbi je? Waliujenga wenyewe, bila paa, wa kutosha watu 2,000. Vijana waliuchora kwanza kwa njiti za kiberiti zilizopangwa chini.

Mchezo ulifunguliwa Oktoba 2, 1977. Novemba 16, kibali kikafutwa. Mwaka ukiisha, Ngugi akakamatwa na kuzuiliwa karibu mwaka mzima katika gereza la Kamiti bila kufunguliwa mashtaka. Mnamo 1982 wakajaribu tena na Maitu Njugira. Safari hii milango ya Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi, ilifungwa, na Machi mwaka huo polisi wakaubomoa ukumbi wa Kamiriithu.

Ngugi wote wawili waliishia uhamishoni. Ngugi wa Mirii alienda Zimbabwe, akaendelea na maigizo ya kijamii huko hadi alipofariki mwaka wa 2008.

Si historia tu

Ukidhani hayo yalipita, kumbuka Butere Girls. Mwaka wa 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulipigwa marufuku, Mahakama Kuu ikaamuru uchezwe. Aprili 2025 ikawa zamu ya Echoes of War. Tena korti iliamuru wasichana waruhusiwe kushiriki, lakini Nakuru mambo yalienda segemnege. Mwandishi Cleophas Malala alikamatwa, nao wanafunzi wakaimba wimbo wa taifa, wakaondoka bila kuigiza, huku vitoa machozi vikifyatuliwa. Michezo yote miwili ni ya tamasha za shule, mifupi, isiyohitaji bajeti ya filamu, na bado ilitikisa wakubwa.

Hapo ndipo penye funzo kwa wewe unayeandika skripti kwenye simu ukiwa ndani ya matatu. Mchezo mfupi ni rahisi kuanzisha: waigizaji watatu, viti viwili, nafasi kidogo kwenye sosho au uwanja wa kanisa. Hauna pa kujificha lakini. Kama dakika ya pili mtazamaji bado hajajua nani anataka nini, umempoteza.

Maigizo ya kijamii nayo yana mtego wake. Vikundi vingi mtaani huishi kwa kazi za mashirika: leo Ukimwi, kesho amani, kesho kutwa usafi. Si vibaya, doo ni muhimu na kodi ya nyumba haingoji. Ila anayelipa mara nyingi ndiye anayeamua mchezo useme nini, na kikundi kinabaki kukariri ujumbe wa mtu mwingine. Ufadhili ukikatika, kikundi nacho kinasambaratika.

Kamiriithu walifuata njia tofauti. Waliohusika na kisa ndio waliokisahihisha, wakakiigiza, wakajenga na jukwaa lake. Ndiyo maana serikali ilipofuta kibali ilikuwa imechelewa: maneno ya mchezo yalikuwa tayari vichwani mwa watu. Mnamo 2022, Ngaahika Ndeenda ulichezwa tena Nairobi, miaka 45 baada ya kuzimwa.

Kwa hivyo kabla hujatafuta ukumbi wa maana mjini, soma skripti yako mbele ya mama mboga, mtu wa boda na jirani yako. Wakikwambia, "Hapa umetudanganya," chukua kalamu urekebishe.