Fahamu: Mila na ngoma katika mgogoro wa Bonde la Kilombero

Mwaka 2023 sehemu ya Bonde la Kilombero, makazi ya swala aitwaye sheshe, ilitangazwa kuwa Pori la Akiba. Bonde lilikwishaingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2002, na mwishoni mwa 2012 operesheni ya serikali iliwaondoa wafugaji na ng'ombe wao.

Kabla ya mipaka yote hiyo ya hifadhi, Wandamba, wenyeji wa bonde, walivua kwa mitumbwi ya gogo moja, wakiisukuma kwa upondo. Uwindaji wao nao ulikuwa na dawa na miiko, kama A.G.O. Hodgson alivyoandika mwaka 1926. Wasukuma nao, wafugaji wanaolaumiwa sana bondeni kwa mifugo yao, wana bugobogobo, ngoma ya kulimia, jembe likirushwa na kudakwa. Ramani za hifadhi, kwa maoni yangu, zimeyasahau makabila yote mawili.