Kuunganisha Umeme wa Jua na Sanduku la Breka la Nyumba: Mambo ya Kuzingatia

Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na hitilafu ya Gridi ya Taifa ya Aprili 1, 2024 viliwafanya watumiaji wengi wafikirie kuwa na umeme wa akiba. Mjini Moshi na katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, kama Marangu, Machame na Kibosho, si ajabu leo kukuta nyumba yenye mita ya LUKU ukutani na paneli za jua juu ya bati. Mifumo hii miwili inaweza kukaa pamoja kwa usalama, iwapo tu sanduku la breka litapangwa upya ipasavyo.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote

Baadhi ya mafundi huchomeka waya wa inveta kwenye soketi yoyote ya ukutani na kumwagiza mwenye nyumba azime swichi kuu kila umeme unapokatika. Njia hii ni ya hatari. Siku swichi hiyo ikisahauliwa, umeme wa inveta hutoka nje kupitia mita na kuingia kwenye laini ya TANESCO. Transfoma inayopunguza volti 11,000 au 33,000 hadi 230 hufanya pia kinyume chake: ikipata umeme kutoka upande wa nyumba, huupandisha. Fundi aliye juu ya nguzo, au jirani anayeondoa tawi lililoangukia waya, anaweza kupoteza maisha. Aidha, umeme wa TANESCO ukirudi ghafla, inveta inaweza kuungua.

Mpangilio ulio sahihi

1. Matumizi yagawanywe katika makundi mawili. Taa, televisheni, jokofu na soketi za kuchajia simu ziwekwe kwenye sanduku dogo la pili linalolishwa na inveta. Hita ya maji ya kuogea, jiko la umeme na pasi zibaki upande wa TANESCO pekee.

2. Iwekwe swichi ya kubadilishia chanzo cha umeme, ambayo kwa umbile lake haiwezi kuunganisha vyanzo viwili kwa wakati mmoja. Swichi hiyo ikate waya wa moto na wa nyutro kwa pamoja. Baadhi ya inveta huwa nayo kwa ndani. Fundi athibitishe hilo kwenye kitabu cha maelekezo.

3. Nyutro za makundi hayo mawili zitenganishwe. Zikichanganywa, breka inayozuia umeme kuvuja itakata mara kwa mara bila sababu inayoonekana, na waya unaodhaniwa hauna umeme unaweza kuwa nao.

4. Ardhi iwe ya mfumo mzima: fremu za paneli, bodi ya inveta na masanduku yote mawili.

5. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na betri. Inveta ya wati 3,000 huvuta zaidi ya ampea 62 kwenye betri za volti 48, lakini zaidi ya ampea 250 kwenye betri za volti 12. Waya mwembamba hapo ni chanzo cha moto. Breka za upande wa paneli na betri ziwe zilizotengenezwa kwa umeme wa mkondo mnyoofu, kwa kuwa breka za kawaida zinaweza kushindwa kuzima cheche zake.

Kadiria mahitaji yako

Taa 8 za wati 9 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 360. Televisheni ya wati 80 kwa saa 4 hutumia 320. Jokofu dogo likitumia takriban 1,000 kwa siku, jumla inakuwa 1,680. Betri za asidi hazipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya uwezo wake, hivyo utahitaji angalau wati-saa 3,360, yaani betri 3 za volti 12 na ampea-saa 100, ambazo kwa mfumo wa volti 24 huwa 4. Kumbuka pia kwamba masika ya Machi hadi Mei, mawingu ya Juni hadi Agosti na kivuli cha miti ya kihamba hupunguza umeme wa paneli.

Kabla ya kulipa

Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 inataja ufungaji wa mifumo ya umeme miongoni mwa shughuli zinazohitaji leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA. Dai kuiona, kisha upatiwe risiti, dhamana ya vifaa, mchoro wa mfumo na matokeo ya vipimo. Mwombe fundi azime swichi kuu mbele yako, inveta ikiwa inafanya kazi, na apime upande wa nyumba wa swichi hiyo: pasiwe na umeme wowote. Hakikisha pia kuna kibao karibu na mita kinachoeleza kwamba nyumba ina chanzo cha pili cha umeme.

Usiporidhika na kazi, mwandikie kwanza fundi au kampuni husika na utunze nakala. Usipopata ufumbuzi, wasilisha lalamiko lako EWURA. Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA CCC) litakuelekeza namna ya kuliandaa.