Anwani Iandikwe kwa Ajili ya Msomaji, Si Mtambo

Anayefungua sw.wikipedia.org/wiki/Tanzania anaweza kudhani kwamba ndani ya seva kuna folda iitwayo "wiki", na humo faili liitwalo "Tanzania". Hakuna. Ombi hilo hukabidhiwa programu, nayo huchukua jina lililo mwishoni mwa anwani, hulitafuta kwenye hifadhidata, huchota maandishi ya makala na kuyapanga yawe ukurasa. Ukiandika sw.wikipedia.org/w/index.php?title=Tanzania, utafika palepale. Ya pili ni lugha ya mtambo. Ya kwanza mtu anaweza kumtajia mwenzake kwa simu.

Mkalimani kati ya hizo mbili ni kanuni fupi. Kwenye seva za Apache kazi hiyo hufanywa na moduli iitwayo mod_rewrite, iliyoandikwa na Ralf Engelschall mwaka 1996. Katika tovuti nyingi za WordPress, kanuni hiyo huuliza kwanza: kilichoombwa kipo kweli? Kama ni picha iliyohifadhiwa, hutolewa kama ilivyo. Kama hakipo, ombi huenda kwa index.php, ambayo hutafuta makala husika au hujibu kwa namba 404, yaani ukurasa haupo.

Wapo wasemao kwamba anwani hizi zinazosomeka ni mapambo tu: Google husoma anwani yenye ?p=123 bila taabu, na ukalimani huiongezea seva kazi. Yote mawili ni kweli, ila kazi hiyo ni ndogo mno, na faida kubwa haiko kwa Google. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa Wavuti, alishasisitiza mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Anwani yenye "index.php" imefungwa kwa mtambo wa leo; mwenye tovuti akihamia programu nyingine, viungo vilivyokwisha kuchapwa vitabuni au kusambazwa WhatsApp huwa hatarini kufa. Wengine hudhani kuficha alama ya kuuliza ni ulinzi. Sivyo: neno lililo kwenye anwani bado hufika kwenye hifadhidata, na lazima likaguliwe kama maandishi yoyote yatokayo kwa mgeni.

Kwa hiyo, wewe unayejenga tovuti, chagua anwani kabla ya kuchagua programu. Usiweke ndani yake jina la mtambo wala kichwa cha habari kitakachohaririwa kesho. Ikibidi kuhama, acha elekezo la kudumu (namba 301) kwenye anwani ya zamani, ili msomaji wa jana asikute mlango umefungwa.