Kiharusi: Kifaa cha Neva Hakiinui Mkono Peke Yake

Baada ya kiharusi, mara nyingi mguu hupata nafuu kabla ya mkono. Mgonjwa anarudi kutembea kwa mkongojo, lakini kufunga vifungo vya shati au kushika kikombe cha chai bado kunamshinda. Miezi ikipita, familia nyingi hukata tamaa na mazoezi huachwa.

Mwezi Agosti 2021, Marekani iliidhinisha kifaa kiitwacho Vivistim kwa wagonjwa wa aina hii. Wakazi wanaosikia habari zake wangependa kujua kinafanya nini hasa.

Kifaa hicho hupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, kama kile cha kudhibiti mapigo ya moyo. Waya mwembamba huunganishwa na neva ya vegasi, upande wa kushoto wa shingo. Neva hii inatoka kwenye ubongo na kushuka hadi kifuani na tumboni. Haiendi mkononi, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Umeme hausukumi mkono. Mgonjwa ndiye anayejitahidi kunyanyua kopo au kugeuza ufunguo, na wakati huohuo mtaalamu wa tiba ya viungo anabonyeza kitufe. Neva inapokea umeme mdogo kwa nusu sekunde tu. Ubongo nao unatoa kemikali zinazousaidia kushika somo, ili sehemu zilizo salama zijifunze kazi iliyokuwa ikifanywa na sehemu iliyoharibika. Bila zoezi, hakuna somo la kushika.

Matokeo ya jaribio lake yalichapishwa mwaka huohuo katika jarida la kitabibu la The Lancet. Watu 108 wa Marekani na Uingereza walishiriki, wote wakiwa wamepitisha angalau miezi tisa tangu kiharusi. Kila mmoja alipandikizwa kifaa, lakini karibu nusu yao hawakupewa umeme wa matibabu, na hawakujua. Wote walifanya mazoezi makali klininiki kwa wiki sita, kisha wakaendelea nyumbani. Miezi mitatu baada ya mazoezi ya kliniki, asilimia 47 ya waliopata umeme walikuwa na nafuu ya maana mkononi. Kwa waliofanya mazoezi pekee, ilikuwa asilimia 24.

Tazama hiyo 24 kwa makini. Hao hawakusaidiwa na umeme, na kiharusi chao kilikuwa cha zamani, lakini takriban mmoja kati ya wanne alipiga hatua kwa mazoezi. Kwetu sisi hiyo ndiyo habari kubwa zaidi.

Kifaa kina mipaka yake pia. Kilijaribiwa kwa kiharusi kinachotokana na mshipa kuziba, si kile cha mshipa kupasuka. Kinahitaji upasuaji, na sauti inaweza kukwaruza. Zaidi ya nusu ya waliopata umeme hawakufikia nafuu hiyo. Hospitali za kaunti yetu hazifanyi upasuaji huu. Mtu akikuuzia mashine ya kuponya kiharusi bila mazoezi, anakuuzia kitu kingine kabisa.

Mazoezi yenyewe hayahitaji waya. Mgonjwa aliyeacha kliniki, hata kama ni mwaka uliopita, anaweza kurudi. Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, uombe barua ya rufaa kwenda idara ya tiba ya viungo. Mwambie mtaalamu kazi ambayo mgonjwa anataka kuifanya tena, iwe kusonga ugali au kufunga kamba za viatu, ili mazoezi yalenge hiyo. Nyumbani, msimfanyie kila kitu mgonjwa. Mpeni nafasi ya kuutumia mkono ule dhaifu, hata akichelewa.

Na mtu akipinda uso, mkono ukalegea au maneno yakamkwama ghafla, mpeleke hospitali mara moja, ukikumbuka saa dalili zilipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na daktari atauliza saa hiyo kwanza.